Nafikisha 60 mwezi ujao, raha yake ni ipi?
Wakuu nastaafu kwa lazima mwezi ujao, hapa Mtwara watu wananipa pole kama nimefiwa ila mi moyoni nina furaha kweli, mliotangulia mlipata raha gani?

Bibi wa Mikindani: Hongera mdogo wangu. Mi nina 67, asubuhi natembea ufukweni sina haraka na mtu, na maneno ya watu yaliyokuwa yananikosesha usingizi nikiwa na 30 siku hizi wala siyasikii.

Kijana Newala: Shikamoo mzee. Baba alivyostaafu akarudi kwenye mikorosho yake, ikifika mwezi wa 10 anaokota na wajukuu huku anawapigia hadithi, sijawahi kumuona anacheka vile alipokuwa kazini.

Muuliza swali: Marahaba mwanangu. Shamba ninalo Tandahimba, wajukuu nao wapo.