Sataranji ya uwanjani Sarajevo na mabomu yaliyobaki milimani

mgeni_wa_baraza
Wakuu, salaam. Ukitazama picha za Sarajevo huchelewi kukutana na wazee waliozunguka ubao wa sataranji uliochorwa chini, katikati ya mji. Kete zinapita magoti, wawili wanacheza na ishirini wanabisha, Jaws Corner ya Unguja kabisa ila bila kahawa. Picha inayofuata ni mlima ulio nyuma ya mji huohuo, na kibao chekundu chenye fuvu kimeandikwa "PAZI – MINE", yaani tahadhari, mabomu ya ardhini. Vita ya Bosnia iliisha 1995. Ubao ule ni wa klabu au wa yeyote? Mabomu yanaondolewaje hasa, na kwa nini hayaishi? Na panyabuku wetu wa Morogoro, wale wanaonusa mabomu, ambao wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia, mbona Bosnia hawatajwi?

kete_nyeusi
Nianze na ubao, maana ndio rahisi. Uwanja ni Trg oslobođenja, pembeni ya kanisa kuu la Waorthodoksi. Si klabu. Hakuna saa, hakuna kuandika hatua, na sheria ya "ukigusa umecheza" haina nguvu pale kwa sababu kete unaibeba kwa mikono miwili na watazamaji wameshakupigia kelele kabla hujaitua. Wengi wao ni wastaafu.

Kinachowaponza wachezaji wazuri wa mezani ni macho. Mezani unauona ubao kutoka juu. Pale umesimama ukingoni, na mstari wa mshazari wa miraba 8 unafichwa na kete zilizopangana mbele yako. Malkia anapotea kwa askofu aliyekaa kona ya mbali kwa sababu tu farasi amesimama mbele ya macho yako akamficha. Ndiyo maana utawaona wanaingia ndani ya ubao, wanarudi nyuma, wanahamia kona nyingine. Hawaringi, wanatafuta mshazari.

Sasa majina. Kete tunayoiita ngome wao wanaiita "top", yaani mzinga. Askofu ni "lovac", mwindaji. Zile ndogo 8 ni "pješak", mtu wa miguu, askari wa kawaida. Na bomu linalotegewa mtu wa miguu kwa lugha yao ni "protivpješadijska mina", neno la ukoo huohuo. Kwa hiyo mlimani na uwanjani anayetangulia kuondoka ana jina moja.

Usiuchukulie mchezo huu kama burudani ya watalii. Mwaka 1994 mji ukiwa bado umezingirwa, timu ya Bosnia ilichukua nishani ya fedha kwenye Olimpiadi ya sataranji Moscow, nyuma ya Urusi. Mashindano ya Bosna ya mjini humo yaliporudi, Kasparov, gwiji wa mchezo huu, aliyashinda 1999 na tena 2000.

zamu_ya_asubuhi
Mkuu mgeni, swali la "kwa nini hayaishi" watu hulijibu vibaya. Wanadhani ugumu ni kung'oa bomu. Ugumu ni kuthibitisha kwamba mahali fulani HAKUNA bomu.

Bosnia ilikuwa na mstari wa mbele uliosogea kwa zaidi ya miaka mitatu. Kikosi kinatega leo, kinarudi nyuma, kingine kinatega mbele yake. Mabomu hayakuwekwa kwa safu ndefu za kitabuni. Mengi ni vikundi vidogo: matatu kwenye njia ya mbuzi, manne nyuma ya ukuta uliobomoka. Kumbukumbu za maandishi zipo kwa maelfu, lakini nyingi zinapima kutoka kwenye mti au kona ya nyumba, na mti ulishakatwa kuni, nyumba imeshaanguka. Mabomu mengine hayakuandikwa kabisa. Basi bomu moja lisilojulikana lilipo linafunga ekari nzima ya msitu.

Kwa hiyo kazi inaanza na karatasi na midomo: kumbukumbu za majeshi yote matatu, waliopigana pale, wachungaji, ajali zilizowahi kutokea, wapi mitaro ilipita. Kazi hii ndiyo inayorudisha ardhi kubwa zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya eneo linaloshukiwa haina kitu. Mtegua bomu anaingia kwenye kinachobaki.

Utaratibu wake wa mkono ni huu. Anafanya kazi ndani ya njia ya upana wa mita 1 hivi, na kijiti kilichopakwa rangi kimelazwa chini kuvuka njia. Mbele ya kijiti hapajasafishwa, nyuma yake pamesafishwa, na mwili wake haupiti mbele. Kwanza anatazama tu. Kisha anapitisha fito nyembamba chini kwa chini mbele yake na kuiinua polepole kutafuta waya wa kutegea. Fito ikigoma hata kidogo, anasimama, havuti. Waya ukiwa haupo, anakata majani kwa tabaka, yaliyokatwa anayatoa kwa mkono. Fito tena. Ndipo kigunduzi cha chuma, kwa mapigo yanayopandana ili pasibaki upenyo. Kikilia, anatafuta kitovu cha mlio, anaweka alama, anarudi nyuma kama sentimita 20 na kuanza kuchokonoa kwa sindano ndefu iliyolala nyuzi 30 hivi. Italala, haitasimama, kwa sababu bomu linabonyezwa kwa juu na yeye anataka kuligusa ubavuni. Anafukua kutoka upande mpaka aone kipande cha kulitambua, basi. Halibebi. Msimamizi anakuja, baruti inawekwa pembeni yake bila kuligusa, linalipuliwa palepale. Pakiwa salama, kijiti kinasogezwa mbele kidogo, na mzunguko unaanza upya.

Yanayoharibika ni mengi. Bomu la kukanyaga la PMA-2 wenyeji wanaliita "pašteta" kwa kufanana na kopo la nyama ya kupaka mkate: ganda la plastiki, gramu 100 za baruti ya TNT, chuma kilichomo ni kidogo mno. Kigunduzi lazima kijaribiwe kila asubuhi kwa kipande cha mfano cha bomu hilohilo, kwenye udongo wa palepale. Ukikirekebisha kisikie chuma kidogo kiasi hicho, kitasikia pia kila msumari, ganda la risasi na kipande cha kombora cha vita nzima, na kila mlio unachimbwa kana kwamba ndio wenyewe. Kwenye mteremko udongo unashuka na kulifunika bomu kupita kina kilichopangwa kukaguliwa. Mizizi inalibana na kuligeuza upande, na hapo ile hesabu ya "nitagusa ubavu" inageuka.

Bomu la kuogopwa zaidi ni PROM-1. Ni chupa ya chuma yenye gramu 425 za TNT. Linakanyagwa kwa uzito wa kilo 9 hivi au waya wake unavutwa kwa nguvu ya kilo 3 hivi, linaruka kufikia usawa wa kiuno, ndipo linapasuka na kutawanya vyuma pande zote. Kiwango cha kimataifa kinataka vazi la mtegua bomu listahimili mlipuko wa gramu 240 za TNT kwa umbali wa sentimita 60, na kioo cha uso cha polikaboneti cha milimita 5. Kwa PMA-2 vazi hilo linatosha. Kwa PROM-1 halitoshi, tusidanganyane. Tangu vita iishe, wategua mabomu zaidi ya 50 wamekufa Bosnia wakiwa kazini.

mgeni_wa_baraza
Asante sana mkuu. Kwa utaratibu huo mtu mmoja anasafisha kiasi gani kwa siku?

zamu_ya_asubuhi
Mita za mraba 10 hadi 50, kutegemea majani, mteremko na wingi wa vyuma. Msituni hesabu ya chini ndiyo ya kweli. Na msimu ni mfupi: ardhi ikiganda au theluji ikilala, sindano haiingii na waya hauonekani. Ndiyo maana tarehe ya mwisho ya Bosnia chini ya Mkataba wa Ottawa, unaopiga marufuku mabomu ya kutegea watu, imesogezwa kutoka 2009 hadi 2019, 2021, na sasa 2027.

ndizi_na_karanga
Kuhusu panyabuku. Shirika la APOPO wanawafundisha pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro tangu 2000. Panya ana uzito wa kilo 1 hivi, hafikii wa kufyatua bomu, na ananusa TNT yenyewe, hivyo misumari na makopo hayamhusu. Anafungwa kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, anakwenda na kurudi kwenye kisanduku cha mita 10 kwa 20, akinusa baruti anakwaruza ardhi. Eneo la mita za mraba 200 anamaliza kwa nusu saa, wakati mwenye kigunduzi anaweza kuchukua siku nne. Sifa hizo ni za kweli.

Lakini soma masharti. Kamba inataka eneo lililofyekwa na lisilo na mawe makubwa. Mteremko wenye misonobari na vichaka unaikwamisha. Yeye ni mnyama wa joto, hata Afrika huingizwa kazini alfajiri kukwepa jua, na masika ya Balkani yenye baridi na unyevu si yake. Kubwa zaidi ni waya wa kutegea. Kilo 1 hailipui bomu kwa kukanyaga, ila kamba na watu wawili wanaoivuta ni habari nyingine. Penye shaka ya PROM-1 hakuna mnyama anayetangulia, awe panya au mbwa, mpaka waya zitafutwe kwanza.

Bosnia nafasi hiyo ina mbwa. Shirika la Norway, Norwegian People's Aid, wana kituo chao cha kuwafundisha karibu na Sarajevo. Mbwa anavumilia baridi na mteremko. Kipande kimoja hupitiwa na mbwa wawili kwa nyakati tofauti. Mmoja akikaa chini, hata kama mwenzake amepita kimya, pale panachimbwa.

mtaro_wa_bosna
Niongeze jambo lililosahaulika: mafuriko ya Mei 2014. Mto Bosna na Sava ilifurika, milima ikaporomoka mahali pengi, na mabomu ya plastiki ni mepesi, yanachukuliwa na maji. Vibao navyo viling'oka. Kwa hiyo "hapa palisafishwa 2005" kando ya mto haikuwa tena jibu kamili, ilibidi kurudi kukagua.

Na kwa anayekwenda: Trebević, mlima ule wa kwenye picha, gari lake la kebo lilirudi Aprili 2018 na njia ya zamani ya bobsled (mbio za sleji kwenye barafu) ya Olimpiki ya 1984 watu wanaitembea kila siku. Bakia kwenye lami na njia zenye alama. Usikate kona msituni kufuata uyoga au kwenda haja. Waokota kuni na wawindaji ndio wanaoonekana sana kwenye orodha za waathirika. Kutokuwepo kibao si ushahidi, vibao huibwa na kuoza. Ukishtuka upo mahali pasipoeleweka, simama hapohapo, usigeuke ovyo, mwambie na uliye naye asimame, piga 121, namba ya ulinzi wa raia, usubiri wakufuate.

kete_nyeusi
Na ukirudi uwanjani usimwelekeze anayecheza mpaka uombwe. Wenyeji wao wanaruhusiana.