Kiti cha kuchonga cha mulombwa kimepasuka kiangazi: kosa ni kole (gundi)?

Fundi_Katuba
Jambo bandugu. Niko natengeneza kiti ambacho miguu inatoka kwenye kikalio kama matawi, bila kona kuonekana. Kikalio ni mbao 4 za mulombwa (ndugu wa Tanzania wanauita mninga), unene sentimita 5, zimeungwa kwa kole nyeupe, kisha bonde la kukalia likachimbwa kwa mashine ya disiki. Chini kuna kipande kinachokatisha mbao zote nne, kimeshikwa kwa kole na skrubu 4. Kiliungwa Februari. Sasa ni Septemba, kuna ufa wa sentimita 12 kuanzia mbele. Tena mkono mmoja, uliokatwa kwa mkunjo kutoka ubao mpana, umekatika katikati kama biskuti. Kole ndiyo mbaya?

Yaya_Tezo
Ufa uko kwenye mstari wa kole ao ndani ya mbao yenyewe?

Fundi_Katuba
Ndani ya mbao, yaya. Unaanzia karibu na skrubu ya pili.

Yaya_Tezo
Basi iache kole. Kosa ni kile kipande cha chini. Ubao husinyaa kwa upana wake, karibu hausinyai kwa urefu. Umeunga katikati ya mvua, na hewa ya Lubumbashi mwezi wa tisa ni kavu kabisa: kikalio kinataka kupungua, kipande kinakizuia, mbao inachana pale iliposhikwa. Mulombwa hautembei sana (hauvimbi wala kusinyaa sana) ukilinganisha na miti mingi, lakini ukiuungia ungali na maji, sifa hiyo haikusaidii.

Bandua kipande, ondoa kole yote. Tundu la skrubu moja kati ya zile mbili za katikati libaki la duara; mengine yarefushe kufuata upana wa kikalio, skrubu ya milimita 5 ipewe nafasi ya milimita 10. Kole usirudishe.

Ufa usiuzibe sasa kwa kole na unga wa mbao. Mvua ikirudi mbao itavimba, ule mzibo hautakubali kubanwa, nawe utapata ufa wa pili pembeni yake. Ngoja wiki mbili baada ya kuondoa skrubu. Ukijifunga wenyewe, weka kipepeo cha mbao ngumu (kipande chenye umbo la kipepeo, cha kushika pande mbili za ufa) upande wa chini, kina cha milimita 10, nyuzi zake zikatishe ufa. Usipojifunga, pasua kikalio kwenye mstari huo, piga randa kingo zote mbili, uunge upya. Vile vipande vya nje ulivyokata ulipochora umbo, natumaini hukuvipeleka jikoni: ndivyo vinavyokupa ukingo ulionyooka wa kukazia vibano.

Siku nyingine pima maji kabla ya kuunga. Kata kipande chenye urefu wa sentimita 2.5, kitoke mbali na ncha ya ubao, kipime gramu, kikaushe kwenye tanuru la digrii 103 mpaka uzito usishuke tena. Kikitoka gramu 112 kikabaki 100, unyevu ni asilimia 12. Kwa kiti cha ndani ya nyumba lenga 8 hadi 10. Kumbuka pia kwamba disiki ikichimba bonde inaondoa gamba lililokauka na kufunua moyo wenye maji. Chimba ukibakiza sentimita 1, acha wiki chache, ndipo umalizie.

Mama_Randa
Nijibu la mkono. Mkunjo ukikatwa kwenye ubao ulionyooka, kuna mahali nyuzi zinakatisha mkono badala ya kuufuata. Pale hakuna nguvu, unene hauponyi.

Pasua vipande vya milimita 3, vipange kwa namba vilivyotoka ili rangi ifuatane, vipake kole, vikunje juu ya kalibu. Mkono wa sentimita 3 ni vipande 10. Hesabu pia msumeno: ukila milimita 3 kila mara, unahitaji karibu sentimita 6 za ubao, nusu inakuwa unga. Jaribu kukunja kimoja bila kole kwanza. Kikilia kama kinataka kuvunjika, shuka hadi unene wa milimita 2. Vibano vikikosekana, mpira wa ndani wa tairi uliokatwa upana wa sentimita 4 unakaza vizuri ukizungushwa kwa nguvu. Hapa kole nyeupe siitaki: ikikaa chini ya mvutano inateleza polepole na mkunjo unafunguka. Tumia epoksi, kole ya kuchanganya sehemu mbili.

Gogo_Moja
Ao utafute tawi lililojikunja lenyewe. Nyuzi zinafuata umbo bure.

Mama_Randa
Ni kweli papa, ila tawi lina mvutano wake, likikauka linajipinda linavyotaka. Kwa mikono miwili inayofanana ni bahati nasibu.

Gogo_Moja
Sawa mama. Kuhusu miguu: usiubandike mguu chini ya kikalio na kutegemea kuchonga kufiche kiungo. Kata pengo kwenye kona ya kikalio, mguu uwe na mfereji wa kupokea kikalio juu na chini, kama viti vya kubembea vya fundi Sam Maloof wa Marekani. Kata mguu kutoka ubao wa sentimita 9 ili nyama ya mviringo iwepo. Unga kwanza, chonga baadaye kwa tupa, na panapokutana mbao mbili pasiwe na ukingo mwembamba kama wembe, utamenyeka. Bakiza angalau milimita 6.

Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, na funika pua: vumbi la mulombwa linawasha kifua. Mafuta ya kitani paka hata chini ya kikalio, upande ulioachwa mkavu unatembea tofauti na mwingine. Vitambaa vya mafuta vitandaze nje mpaka vikauke. Vikifinyangwa pamoja kwenye kona vinaweza kuwaka vyenyewe.