Wakuu, naombeni ushauri: mlibertaria wa Marekani anatofautianaje na mhafidhina na mliberali?

Dira ya Kusi (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naandaa kipindi cha redio cha dakika 20 kuhusu siasa za Marekani. Rasimu ina sentensi hii: "Walibertaria ni wahafidhina wasio na shida na bangi." Nahisi ina kasoro, ila siioni iko wapi. Naomba wenye ujuzi mnisaidie:

1. Hawa watu wakae wapi: kulia, kushoto au katikati?
2. Niwaite nani kwa Kiswahili?
3. Mfano upi msikilizaji ataushika bila kuona mchoro?
4. Kama hoja zao zina mashiko, mbona kura hawapati?

Msumari wa Inchi Sita

Kasoro ni kwamba umemchukua mhafidhina ukamvua nguo moja, ukasema huyu sasa ni mlibertaria. Mlibertaria hatoki huko. Ana swali lake: hapa nani analazimishwa, na amemkosea nani? Kama mtu hajampiga, hajamwibia wala hajamtapeli mwenzake, serikali haina kazi naye. Swali hilohilo analipeleka chumbani, dukani na jeshini.

Wenzake wana maswali mengine. Mhafidhina anauliza jambo hili linajenga au linabomoa familia, dini, mipaka na desturi. Akiona linabomoa, haoni taabu sheria itumike kulizuia. Mliberali wa Marekani anauliza nani ameachwa nyuma na nani anaonewa na mwenye nguvu. Akimpata, anataka serikali iingie kati kwa kodi, kima cha chini cha mshahara, bima ya afya. Wote wawili wanaihitaji serikali, ila kila mmoja anaipangia zamu yake.

Ndiyo maana ukimweka katikati umepotea. Mtu wa katikati anataka kodi ya wastani na bangi nusunusu. Mlibertaria anataka kodi ifyekwe kuliko wanavyothubutu Warepublican wengi, na dawa za kulevya zisiwe jinai kuliko wanavyothubutu Wademocrat wengi. David Nolan, mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Libertarian, alichora mchoro wenye vipimo viwili badala ya mstari mmoja: uhuru wa kiuchumi na uhuru wa mambo binafsi. Mhafidhina anapata alama nyingi kwenye cha kwanza na chache kwenye cha pili, mliberali kinyume chake, mlibertaria nyingi kote. Mchoro unafaa, ila msikilizaji aambiwe kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Chama kilianzishwa Colorado Desemba 1971. Tarehe 15 Agosti mwaka huohuo, Rais Nixon, Mrepublican, alikuwa ametangaza kusimamisha bei na mishahara isipande kwa siku 90, na dola kutobadilishwa tena kwa dhahabu. Iweke tarehe hiyo kipindini. Inaonyesha kwa nini hawa watu waliona Republican si kwao.

Mpiga Chapa

Nijibu la 2. Usiandike "wapenda uhuru", maana hakuna mwanasiasa wa Marekani atakayekubali kwamba yeye haupendi. Usiandike "watu wa soko huria" pia. Hiyo ni nusu ya habari, na nusu hiyo Warepublican wa enzi za Reagan waliidai vilevile. Andika "mlibertaria", eleza mara moja, endelea.

Mtego mkubwa uko kwenye "mliberali". Ulaya, vyama vingi vinavyojiita hivyo hutetea biashara huria na kodi ndogo. Marekani neno lilihama, hasa enzi za Franklin Roosevelt miaka ya 1930, likawa la wanaotaka serikali iingilie uchumi kumsaidia mnyonge. Wenye fikra za zamani wakabaki bila jina, ndipo wakashika hili la "libertarian". Usipolisema hilo, msikilizaji anayefuata siasa za Ujerumani atadhani umechanganya mafaili.

Jambo jingine: kwenye maandishi herufi kubwa hutenganisha mwanachama na mtu mwenye fikra hizo tu. Redioni herufi kubwa haisikiki! Kwa hiyo tamka "mwanachama wa Chama cha Libertarian" pale unapomaanisha chama. Seneta Rand Paul na mbunge Thomas Massie, wote wa Kentucky, wana mwelekeo wa kilibertaria lakini walichaguliwa kwa tiketi ya Republican.

Bi Mkwaju

Mfano: usukaji wa nywele. Katika jimbo la Utah, kumsuka mtu kwa malipo kulihitaji leseni ya urembo, na leseni ilitaka takriban saa 2,000 za masomo. Sasa mwangalie msusi kazini. Anachana, anagawa mafungu, anasuka. Hashiki mkasi, hapaki dawa. Masomo yenyewe yalihusu zaidi kukata nywele, kemikali na kupaka rangi. Msusi mmoja mhamiaji kutoka Sierra Leone alikwenda mahakamani, akitetewa na mawakili wa Institute for Justice, taasisi ya kilibertaria. Mwaka 2012 jaji wa shirikisho akasema sharti hilo kwa wasusi linavunja Katiba.

Hapa usidanganye kwamba waliberali na wahafidhina walikuwa upande wa pili. Hata Ikulu ya Obama ilitoa ripoti mwaka 2015 ikilalamikia leseni zilizozidi. Tofauti iko kwenye suluhisho. Mliberali kwa kawaida atasema: punguza saa, bakiza masharti ya usafi. Mlibertaria atauliza leseni ni ya nini hata kidogo. Mteja akiumizwa, mahakama ipo.

Ukitaka mahali wanapoachana kabisa, chukua kesi mbili za Mahakama ya Juu, zote za Juni 2005.

Ya kwanza ni Gonzales dhidi ya Raich. California iliruhusu bangi ya tiba tangu 1996. Mwaka 2002 maofisa wa shirikisho walifika nyumbani kwa mgonjwa wakang'oa miche sita. Haikuuzwa, wala haikuvuka mpaka wa jimbo. Mahakama ikasema, 6 kwa 3, kwamba mamlaka ya Bunge juu ya biashara kati ya majimbo yanaifikia hata miche hiyo. Walioutetea msako ni serikali ya Bush, ya kihafidhina. Majaji wa kiliberali wote wanne waliukubali uamuzi, na jaji Scalia, mhafidhina, akaungana nao.

Ya pili ni Kelo dhidi ya New London. New London, mji wa jimbo la Connecticut, ulitaka kuchukua nyumba za watu, kwa fidia, ili ardhi ipewe mradi wa uendelezaji wa kibinafsi utakaoleta ajira na kodi. Mji ukashinda 5 kwa 4, wengi wa majaji walioupa ushindi wakiwa waliberali. Mradi haukujengwa, kiwanja kilikaa kitupu miaka mingi.

Mlibertaria alipinga zote mbili kwa sababu ileile. Majaji Rehnquist, O'Connor na Thomas nao walipinga zote mbili. Dakika sita za redio zimekwisha hapo, na hujataja mchoro.

Karani wa Zamu

Bi Mkwaju kamaliza, ila naongeza pale kanuni inapokwama, maana wasikilizaji watakupigia simu.

Utoaji mimba: swali la "nani anadhuriwa" linategemea kama kijusi ni mtu. Walibertaria wamegawanyika. Ilani ya chama ilikuwa ikisema serikali isihusike. Kifungu hicho kiliondolewa kwenye mkutano mkuu wa Reno mwaka 2022. Ukisema "walibertaria wanaunga mkono utoaji mimba" bila kufafanua, utakosolewa na wenyewe.

Uhamiaji: wengi wanataka mpaka wazi kwa mtu mwenye amani. Wengine wanasema mpaka wazi pamoja na huduma za jamii zinazolipwa kwa kodi havikai chungu kimoja.

Ushuru wa forodha: zamani ungeweza kuwaweka na wahafidhina kapu moja la wanaoupinga. Sasa huwezi. Tarehe 2 Aprili 2025 Seneti ilipitisha, 51 kwa 48, azimio la kupinga dharura aliyoitumia Trump kuitoza Canada ushuru. Warepublican wanne waliungana na Wademocrat, na Rand Paul ni mmoja wao. Kwa hiyo taja mwaka kila unaposema "wahafidhina wanaamini hivi".

Dira ya Kusi

Asanteni sana. Swali dogo: si kwamba hawataki serikali kabisa? Na kiwanda kikimwaga sumu mtoni?

Msumari wa Inchi Sita

Wapo wasiotaka kabisa, wafuasi wa mwanauchumi Murray Rothbard, wanaosema hata polisi na mahakama viuzwe sokoni. Wengi wanakubali serikali ndogo: polisi, mahakama, ulinzi wa nchi. Mwanauchumi Milton Friedman alikubali hata serikali itoe fedha taslimu kwa maskini kupitia mfumo wa kodi. Wenye msimamo mkali walimwona ameuza mechi. Friedman huyohuyo alikuwa kwenye tume ya Rais Nixon, iliyoitwa tume ya Gates, iliyopendekeza mwaka 1970 vijana wasilazimishwe tena jeshini; ulazima ukakoma 1973.

Kuhusu sumu: mlibertaria hasemi achwe. Mwenye kiwanda amevamia mali ya jirani, ashitakiwe, alipe. Mliberali anataka mamlaka ya mazingira iweke kiwango kabla ya madhara. Njia ya mahakama hufanya kazi kiwanda kikiwa kimoja na mto mmoja. Moshi ukitoka kwenye mabomba 400 na magari milioni, mwenye pumu atamshitaki nani? Hilo ndilo shimo lao kubwa, na majibu yao humo bado hayajanitosheleza. Mhafidhina husimama katikati kwa kadiri ya gharama, na kumbuka mamlaka yenyewe, EPA, iliundwa 1970 na Nixon yuleyule.

Mzee wa Takwimu

La 4. Sheria ya mchezo ndiyo inayowaua: karibu kila mahali anayeongoza anachukua vyote, wa tatu hana kitu hata akipata asilimia 15. Matokeo ya urais:

1972: kura zisizofika 4,000. Lakini rais huchaguliwa rasmi na wajumbe wa majimbo, na mjumbe wa Virginia aliyetarajiwa kumpigia Nixon akawapigia wagombea wa chama, John Hospers (urais) na Tonie Nathan (umakamu). Nathan akawa mwanamke wa kwanza kupata kura ya mjumbe.
1980: Ed Clark, asilimia 1.1.
2016: Gary Johnson, karibu kura milioni 4.5, asilimia 3.3. Rekodi yao.
2020: Jo Jorgensen, asilimia 1.2.
2024: Chase Oliver, asilimia 0.4.

Usiseme hawana athari. Mwaka 2022 Oliver huyohuyo aligombea useneta Georgia, akapata asilimia 2 hivi. Jimbo hilo linataka mshindi avuke nusu. Warnock wa Democrat na Walker wa Republican hakuna aliyevuka, ikabidi wapiga kura warudi Desemba. Na Mei 2024 Trump alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wao, akazomewa, akaahidi kumtoa gerezani Ross Ulbricht, mwanzilishi wa Silk Road, soko la mtandaoni la dawa za kulevya. Tarehe 21 Januari 2025 akamsamehe.

Mpangilio: dakika 3 Nixon na 1971, dakika 3 maneno, dakika 6 kesi za Bi Mkwaju, dakika 5 penye mgawanyiko na sumu ya mtoni, 3 za kura. Asilimia usizisome zote mfululizo, hazishikiki masikioni. Muda ukibana, kata mwaka 1980 kwanza.