Skopu za "kiwango cha kijeshi" ni utapeli mtupu! Ya kwangu imekufa juu ya .308 semi-otomatiki

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na leo sitaki kupoozwa.

Niko Texas. Bunduki ni semi-otomatiki (inajipakia risasi yenyewe kila ukifyatua) ya muundo wa AR-10, risasi .308 Winchester, kazi yake nguruwe pori. Najua kuna watakaorukia "bunduki ya nini ndugu yangu", hasa wenzetu wa Kenya ambako uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Huku nguruwe hao wanahesabiwa kwa mamilioni, wanafukua mashamba usiku kucha, na tangu Septemba 2019 huhitaji hata leseni ya uwindaji kuwapiga kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi amekubali. Shangaeni kidogo, halafu turudi kwenye mada.

Skopu, yaani darubini ya kulengea inayofungwa juu ya bunduki, niliinunua duka moja la huku, jina naliacha. Boksi lilikuwa na maneno kama bango la mganga: haiingii maji, haishiki ukungu, imejazwa naitrojeni, kiwango cha kijeshi, inahimili mshtuko wa 1000G (mara 1000 ya nguvu ya mvutano wa dunia), waranti ya maisha. Muuzaji akasema kwa kinywa chake kwamba inafaa bunduki yoyote. Nikamuuliza tena, hata semi ya .308? Akasema bosi, hata hiyo, usiwe na wasiwasi.

Ilikaa vizuri kwa muda, kisha risasi zikaanza kuhama. Leo zinakwenda juu kushoto. Unazungusha kitufe, zinarudi katikati, unafurahi. Unamaliza magazini moja, zimeshahamia kulia. Kundi la risasi lililokuwa linakaa ndani ya inchi moja na nusu kwenye yadi 100 likatawanyika karatasi nzima.

Na kabla mtu hajaniletea "umekaza skrubu?", ndiyo nimekaza, tena kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha mtengenezaji wa ringi, zile pete zinazoishika skopu. Kila skrubu nimeichora mstari wa rangi, na hakuna mstari uliosogea. Nikachukua skopu ya jamaa yangu, nikaifunga kwenye bunduki ileile, kwa risasi zilezile, kundi likarudi. Kwa hiyo mgonjwa anajulikana.

Nikarudi dukani. Kwanza wakasema nimefunga vibaya. Nikawaonyesha alama za rangi. Wakasema basi ni risasi. Nikawaonyesha karatasi za shabaha za skopu ya jamaa. Mwishowe mmoja akasema taratibu, "unajua, semi huwa zinasumbua skopu kidogo." Ala! Sasa ile "bunduki yoyote" ilikuwa ipi? Manati?

Hiki ndicho kinachoniudhi, kwa sababu hao watu WANAJUA. Ndani ya skopu kuna bomba dogo linalobeba lenzi za kati. Kitufe cha juu na cha pembeni vinalisukuma bomba hilo upande mmoja, na upande wa pili kuna springi inayolisukuma lirudi, ili libaki limeegemea ncha za vitufe. Ziro yako yote, yaani risasi kutua palepale unapolenga, imelala juu ya kaspringi hako. Kakiwa dhaifu, bomba linaruka na halirudi pale lilipokuwa. Kwa nje skopu inang'aa kama siku ya kwanza, kioo safi, haina hata mkwaruzo. Kumbe ndani kila kitu kinacheza.

Bunduki ya kukoki kwa mkono inapiga teke la kurudi nyuma na kazi imeisha. Semi inapiga teke hilohilo, kisha bolti nzito inakimbia hadi mwisho wa safari yake kitakoni na kugonga huko, halafu springi inairusha mbele ijibamize tena kwenye mtutu. Risasi moja, mitikisiko ya kwenda na kurudi, yote kabla hujakonyeza jicho. Skopu iliyojengwa kuvumilia teke la upande mmoja tu haina maisha hapo. Wenye bunduki za upepo za springi wanalijua hili zamani sana: vibunduki vya kupigia panya vimeua skopu za bei mbaya zilizoishi miaka juu ya bunduki kubwa, kwa sababu pistoni yake inatikisa mbele na nyuma vilevile.

Haya, turudi kwenye boksi. 1000G ya upande gani? Ya muda gani? Mara ngapi? Simu ikikudondoka kwenye vigae inaweza kupata mamia ya G kwa sehemu ndogo ya sekunde, hiyo haiifanyi kuwa skopu ya .308. Namba peke yake haikwambii kitu. Na hicho "kiwango cha kijeshi", mara nyingi wanamaanisha MIL-STD-810, ambayo ni kitabu cha njia za kupimia vifaa: joto, vumbi, mtikisiko na kadhalika. Mtengenezaji anachagua mwenyewe apime nini na kwa ukali gani. Anaweza kupima joto peke yake, akabandika jina zima kwenye boksi. Hakuna mwanajeshi aliyeigusa.

Wale wa video nao! Anatumbukiza skopu kwenye ndoo, anaiweka kwenye friza, anapiga picha mwezi, anasema "imara sana hii wakuu". IPX7 maana yake mita moja ya maji kwa dakika 30. Mimi siwindi samaki. Nani kati yenu amewahi kufyatua risasi mia kadhaa za .308 kwenye semi, akapima kama ziro ipo palepale? Hamfanyi kwa sababu risasi ni ghali na skopu mmepewa bure.

Uongo mwingine ni huu wa bomba la milimita 30 kuwa "imara kuliko la inchi moja". Faida yake kubwa ni nafasi zaidi ya kurekebisha juu na chini. Springi mbovu ni mbovu hata ukiiweka ndani ya bomba la mafuta.

Waranti ya maisha? Wanakupa nyingine ya aina ileile, yenye springi ileile, gharama ya posta juu yako, na msimu unapita ukisubiri kifurushi.

Waliohitaji kweli kitu cha kudumu juu ya semi walifanya nini? Wasovieti walipoingiza Dragunov, semi yao ya kudungulia, jeshini mwaka 1963, skopu yake PSO-1 ilikuwa 4x24 (inakuza mara 4, lenzi ya mbele milimita 24), ukuzaji mmoja, basi. Wanajeshi wa Marine wa Marekani walibeba skopu ya ACOG 4x32 kwenye M16: mwili wa alumini ngumu ya 7075-T6, ukuzaji mmoja, alama ya kulengea inawaka bila betri. Vitu vichache vya kusogea ndani, vichache vya kulegea. Sisi tunakimbilia 6-24x50 nzito kama tofali, kwa nguruwe aliye yadi 80! Uzito wote huo unavuta ringi kila risasi inapotoka. Kwangu mimi, pesa ikiwa haitoshi, bora 4x ya heshima kuliko 24x ya madoido.

NYONGEZA: Naona watu wananiuliza PM, nijibu hapahapa. Kwa AR tumieni kishikio cha kipande kimoja kinachochomoza mbele, siyo ringi mbili ambazo moja inakaa kwenye mwili wa bunduki na nyingine kwenye reli ya kishikio cha mkono wa mbele. Ile ya mbele inapinda kidogo ukiegemeza bunduki, na skopu inapinda nayo. Kabla ya kukaza, sukuma kishikio mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, hadi kiguse ukuta wa mfereji wa reli, maana bunduki ikirudi nyuma skopu inataka kubaki mbele. Na ukinunua, jaribu mraba ungali na risiti mkononi: piga katikati, panda mibofyo 20, nenda kulia 20, shuka 20, rudi kushoto 20, piga tena. Risasi ya mwisho isipokaa na ya kwanza, rudisha siku hiyohiyo. Ikifaulu, rudia baada ya magazini kadhaa, maana ya kwangu ilifaulu ikiwa mpya.

Kwa wewe uliyeandika "bei rahisi ndiyo hivyo": muuzaji ndiye aliyesema inafaa. Angesema "hii ni ya bunduki ya kukoki tu", ningeiacha rafuni na tusingejuana.

Mwenye semi ya .308 ambaye skopu yake imeshika ziro kwa risasi nyingi, aweke modeli, aina ya kishikio, na picha ya karatasi ya shabaha, ya zamani na ya sasa. Picha za boksi jipya mezani sitaki kuziona.