Tupeane uzoefu: wazee wanaomeza dawa za moyo miaka na miaka, maudhi yake mnayatulizaje?

Shuka Jeupe:
Wakuu, ule uzi wa mzee aliyeanguka alfajiri akienda chooni umenikumbusha mengi. Watu wamebishana kurasa mbili kuhusu vigae vinavyoteleza, hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee anameza nini na saa ngapi.

Naanza na Lasix. Kidonge huanza kukojoza ndani ya saa moja na kazi yake huisha baada ya saa sita hivi. Mzee akimeza saa 2 usiku baada ya chakula, hadi saa 8 usiku yuko njiani, gizani, presha iko chini. Dozi ya kwanza iwe saa 1 asubuhi; kama kuna ya pili, isivuke saa 8 mchana. Akiamka usiku aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ahesabu polepole hadi mia, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Na kopo la mkojo kando ya kitanda si aibu.

Leteni yenu. Dawa gani, dozi gani, kilichotokea na mlivyokituliza.

Fundi Vidonge:
Nakazia hapa. Wazee wengi hupimwa presha wameketi, inasoma 130/80, wanaambiwa safi. Mpime amelala dakika 5, kisha amesimama dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, kizunguzungu chake kina jina, na dozi zake zinahitaji kuangaliwa upya na aliyeziandika.

Mama Kliniki:
Mimi nina ugomvi na amlodipini, dawa ya presha. Jioni vifundo vimevimba, viatu havivuki, basi familia inakimbilia duka la dawa kununua Lasix. Uvimbe ule si maji yaliyozidi mwilini. Dawa imetanua mishipa inayoingiza damu kuliko ile inayoirudisha, maji yanachujika kwenda kwenye nyama. Lasix haiutoi. Inachofanya ni kumkausha mzee, potasiamu inashuka, usiku misuli ya miguu inakaza, anatafutiwa dawa ya misuli. Vidonge vitatu kwa kosa la kimoja! Kumshusha kutoka mg 10 hadi mg 5 mara nyingi kunatosha, au daktari ambadilishie dawa.

Ila msichanganye. Uvimbe pamoja na kushindwa kulala bila mito mitatu, au uzito kupanda, huo ni moyo wenyewe. Mizani iwe kila asubuhi, ameshakojoa, hajanywa chai, nguo zilezile. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, kliniki siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kadi.

Pwani Raha:
Hii ya amlodipini ni kweli tupu.

Kaka Mkorofi:
Mnazunguka tu. Dawa za presha ndizo zinazomaliza figo za wazee wetu. Mpe rozela glasi mbili kwa siku na kitunguu swaumu, presha inashuka yenyewe.

Fundi Vidonge:
Kaka, presha isiyotibiwa ndiyo inayomaliza figo. Rozela inashusha kidogo, sikatai, lakini ukiiweka juu ya vidonge vitatu ndipo mzee anapokumbatia ukuta.

Ukitaka mchawi wa figo, ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya magoti, ikikutana na enalaprili ya presha na Lasix. Lasix inapunguza maji. Enalaprili inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo. Diklofenaki inabana ule unaoingiza. Chujio linakosa msukumo. Ongeza siku mbili za kuhara na mkojo unakata. Na mtu akianzishiwa enalaprili au losatani, figo na potasiamu vipimwe tena wiki 1 hadi 2 baadaye. Watu hupewa dawa za miezi mitatu na kipimo hakuna.

Kaka Mkorofi:
Kwa hiyo magoti yaume tu?

Mama Kliniki:
Panadol ipo. Isizidi gramu 3 kwa siku kwa mzee, na aliye chini ya kilo 50 apunguziwe zaidi. Na fimbo. Fimbo haina maudhi.

Zamu ya Usiku:
Mmetaja presha na miguu, hamjamtaja mwenye nyumba: digoksini, dawa ya moyo wenyewe.

Mzee wa miaka 78, moyo umetanuka na mapigo hayana mpangilio. Ameandikiwa digoksini mg 0.125, yaani nusu ya kile kidonge kidogo cha 0.25. Kwenye pakiti pameandikwa "1 x 1", basi anameza kizima. Wiki ya tatu hali chakula tena. Ugali anausukuma pembeni, anasema kinywa hakina ladha. Nyumbani wakasema ni uzee. Kisha kichefuchefu na kutapika, wakasema malaria, akapewa mseto bila kupimwa. Lasix inaendelea, anatapika, potasiamu inazidi kushuka, na potasiamu ikishuka digoksini inauuma moyo kwa nguvu zaidi. Siku ya tano akaanza kuuliza kwa nini taa ya sebuleni imezungukwa na duara la njano. Wajukuu wakacheka. Usiku akamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na hapo ndipo wakatafuta gari.

Mapigo yalikuwa 38 kwa dakika. Figo zilikuwa zimechoka, na figo ndizo zinazoitoa digoksini mwilini. Matibabu yalikuwa kuisimamisha, kurudisha potasiamu polepole akiwa ameunganishwa na mashine ya kufuatilia moyo, na kusubiri. Figo nzima huchukua siku moja na nusu hadi mbili kupunguza nusu ya dawa. Zake zilichukua muda mrefu zaidi.

Nyumbani fanyeni hivi: kabla ya digoksini, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Chini ya 60, usimpe kwanza, piga simu kliniki. Hamu ya kula ikikata ghafla, dawa ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Pwani Raha:
Duara la njano limenitisha. Hapa kuna bibi anasema kila kitu ni cha njano!

Zamu ya Usiku:
Yuko kwenye digoksini?

Pwani Raha:
Hapana, amlodipini tu.

Zamu ya Usiku:
Mpelekeni macho, huenda ni mtoto wa jicho.

Mjukuu Mtiifu:
Babu alipona? Na aliyeandika "1 x 1" alichukuliwa hatua gani?

Zamu ya Usiku:
Alirudi nyumbani akitembea. La hatua tusilifungue hapa.

Kaka Mkorofi:
Mnaona sasa? Rozela haina duara la njano.

Shuka Jeupe:
Kaka, pumzika. Tuendelee. Kikohozi kikavu cha enalaprili, kile cha kukereketa kooni usiku: dawa za kikohozi hazikigusi. Losatani inachukua nafasi yake, na kikohozi huisha ndani ya wiki 1 hadi 4, wengine miezi. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo haisubiri asubuhi, na enalaprili asirudishiwe tena maishani.

Mama Kliniki:
Spironolaktoni, dawa nyingine ya kukojoza: wanaume huumwa matiti na kuona haya kusema. Muulizeni. Tena hii hubakiza potasiamu, kwa hiyo madafu matatu kwa siku pamoja na enalaprili ni hatari. Na ile chumvi "salama" ya wagonjwa wa presha, someni pakiti, nyingi ni potasiamu.

Pwani Raha:
Lakini wazee waliambiwa kliniki wanywe madafu!

Mama Kliniki:
Waliambiwa wakati wanatumia Lasix peke yake, labda. Dawa zikibadilika na dafu linabadilika.

Fundi Vidonge:
Kwa wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: msimkataze mzee mchicha na kisamvu. Ale kiasi kilekile kila wiki. Kinachoharibu INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ni kula sufuria zima leo na kuacha wiki mbili. Kibaya kuliko mchicha ni Flagyl na Septrin za kununua kiholela, damu inakuwa nyepesi ghafla. Akizianza, INR irudiwe ndani ya siku 3 hadi 5. Akianguka akagonga kichwa, hospitali hata kama anacheka.

Mjukuu Mtiifu:
Bisoprololi, ile ya kupunguza mapigo ya moyo, inampa babu uchovu na mikono baridi. Tuiache siku chache tuone?

Zamu ya Usiku:
Usithubutu kuikata ghafla, moyo unaweza kurudi kwa kishindo, mapigo juu na kifua kubana. Ipunguzwe kwa ngazi, na daktari.

Shuka Jeupe:
Swali langu: hiyo nusu ya digoksini mnaikataje? Kwa kisu cha jikoni inaruka, upande mmoja unakuwa robo tatu.

Fundi Vidonge:
Kikatio cha vidonge, kile cha plastiki chenye wembe ndani. Kata kimoja kimoja, si vya mwezi mzima, unyevunyevu unavila. Na nifedipini ya presha, ile ya kutoka polepole, usiikate wala kuisaga, dozi yote itaingia kwa mkupuo.