Mpangaji kaniruhusu kuwinda kulungu shambani Suffolk: neno la mdomo linatosha?

Inchi18 aliuliza:

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua sheria za England (Scotland wana zao). Kuna shamba la ekari 180 Suffolk, ngano na shayiri, kando yake kijisitu cha miti michanga. Kulungu waliopo ni roe na muntjaki (aina mbili za kulungu wadogo). Anayelilima ni mpangaji, na kauli yake ni "njoo tu, piga yeyote utakayemwona, hata usiku." Cheti cha bunduki cha polisi ninacho, DSC1 (mtihani wa ngazi ya kwanza wa kuwinda kulungu) nimefaulu, bunduki ni .243 ya mtutu wa inchi 18, risasi za greni 100 (greni ni kipimo cha uzito).

Je, neno lake linatosha? Mwezi huu wa Julai naruhusiwa kupiga nini? Na mashamba ya jirani niyaombe vipi?

Kijisitu alijibu:

Kabla ya yote muulize mpangaji swali moja: haki za uwindaji ni za nani? Mikataba mingi ya kukodi mashamba England humwachia mwenye ardhi haki hizo, naye huweza kuwa amezikodisha kwa kikundi cha wapiga kware. Wengi huchanganywa na Sheria ya Wanyama wa Ardhini ya 1880, ile inayompa mkulima haki ya sungura hata mkataba ukisema vingine. Kulungu hawamo.

Sasa uone mtego ulivyo. Sheria ya Kulungu ya 1991, kifungu cha 1, inamhesabu jangili anayeingia kuwatafuta kulungu bila ridhaa ya mmiliki *au* mkaaji wa ardhi. Mpangaji ni mkaaji, kwa hiyo kwa kosa hilo neno lake linakukinga. Lakini kama haki si zake, mwenye haki anaweza kukushtaki kwa madai, na mzoga si wako wala si wa mpangaji. Isitoshe, masharti ya kawaida ya cheti chako yanataka upige kwenye ardhi ambayo una mamlaka halali ya kupiga. Hapo ndipo cheti chenyewe kinapoingia hatarini.

Pata karatasi. Ukurasa mmoja unatosha: jina na saini ya mwenye haki za uwindaji, ramani yenye mipaka iliyochorwa, aina za wanyama, tarehe ya kuanza na kuisha, mzoga ni wa nani, na kama unaruhusiwa kupiga ukiwa ndani ya gari. Hilo la mwisho liandikwe wazi, na ujue kwamba kupiga kulungu kutoka kwenye gari linalotembea au lenye injini inayonguruma kwa kawaida ni kosa. Angalia pia kama cheti chako bado kinakubana kwenye ardhi zilizokaguliwa na polisi. Kama ndivyo, shamba jipya lipite kwao kwanza.

Greni_Mia alijibu:

Mkuu, "piga yeyote" lisahau. Roe dume ni kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba, jike ni 1 Novemba hadi 31 Machi. Kwa hiyo Julai ni dume tu. Muntjaki hana msimu uliofungwa kwa sababu huzaa mwaka mzima, na jike hupandwa tena siku chache baada ya kuzaa. Ukimpiga jike aliyekonda tumbo huenda umeacha ndama kichakani afe njaa. Chagua jike mchanga, au mwenye mimba kubwa inayoonekana. Huyo wa pili wengi wanaona vibaya kumpiga, lakini ndiye asiyeacha ndama anayenyonya.

Usiku, hapana. Mwisho ni saa moja baada ya jua kuzama, mwanzo ni saa moja kabla ya kuchomoza. Darubini ya joto haibadilishi hilo. Kinachoweza kubadilisha ni leseni ya Natural England (shirika la serikali la mazingira), na hiyo mpangaji hana uwezo wa kuitoa.

Bunduki yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwa roe sheria inataka kipenyo kisichopungua inchi .240, nguvu isiyopungua futi-ratili 1,700 mdomoni mwa mtutu, na risasi ya ncha laini au yenye tundu. Kipenyo umepita. Nguvu je? Risasi ya greni 100 inahitaji mwendo wa karibu futi 2,770 kwa sekunde kufika hapo. Namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida imepimwa kwa mtutu mrefu kuliko wako. Ukitoka kwa futi 2,700 una futi-ratili 1,620 hivi, na hapo unavunja sheria hata ukilenga vizuri namna gani. Azima kipima mwendo, piga risasi kumi, piga hesabu: uzito kwa greni, zidisha mwendo mara mwendo, gawa kwa 450,240. Ikipungua badilisha aina ya risasi kisha upime tena. Kwa muntjaki kiwango ni cha chini (.220, futi-ratili 1,000, risasi ya greni 50 au zaidi), huko huna shida.

Inchi18:

Asanteni. Mpangaji anashikilia kwamba sheria inamruhusu kuua nje ya msimu kama mazao yanaharibiwa. Ni kweli?

Kijisitu:

Ni kweli kwake, si kwako. Kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Kulungu kinamlinda mkaaji wa ardhi, watu wa nyumbani kwake na waajiriwa wake aliowapa idhini ya maandishi. Mtu wa nje anaingia tu akiwa ndiye mwenye haki za uwindaji, au akiwa na idhini ya maandishi ya mwenye haki hizo. Unaona tumerudi kwenye karatasi ileile.

Tena aonyeshe kwamba kulungu wa aina hiyohiyo wameharibu, kwamba uharibifu zaidi ungekuja na ungekuwa mkubwa, na kwamba kuua kulikuwa lazima. Piga picha zenye tarehe. Hakikisha pia mla miti ni kulungu: hana meno ya mbele ya juu, hivyo huacha shina limechanika na nyuzi zinaning'inia. Shina lililokatwa safi kwa mshazari ni la sungura.

Geti_Funga alijibu:

Kuhusu majirani: usiende Agosti wakati wa mavuno wala msimu wa kondoo kuzaa. Nenda mchana, bila bunduki na bila nguo za mabakabaka. Beba nakala ya cheti, namba ya gari lako, na uthibitisho wa bima ya dhima kwa umma (wanachama wa BASC, chama cha wapiga risasi cha Uingereza, wanayo).

Usiombe madume. Kila mtu anaomba madume kwa ajili ya pembe, na mkulima anajua kwamba idadi haipungui hivyo. Mwambie utakuja Novemba hadi Machi kupunguza majike, kwenye baridi na matope, utaona sura inavyobadilika. Ahidi ujumbe wa simu kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kutembea kwenye njia za trekta tu, na geti kuliacha ulivyolikuta. Suffolk ni tambarare, kwa hiyo onyesha kwenye ramani utakapoweka kiti cha ngazi ili kila risasi ielekee chini na iishie udongoni, na zilipo njia za waenda kwa miguu.

Jirani asipokupa ruhusa ya kuwinda, omba angalau ya kufuata aliyejeruhiwa. Kulungu aliyepigwa vizuri kifuani bado anaweza kukimbia mita mia, na mpaka haumzuii. Kuvuka bila ridhaa, hata kwenda kuchukua mzoga tu, ni kosa chini ya kifungu kilekile cha 1, adhabu hadi miezi 3 jela, na ukiwa na bunduki mkononi linaongezeka kosa la kuvamia ardhi na silaha. Chukua namba zao za simu kabla ya siku ya kwanza, maana saa tatu usiku ndipo utakapozihitaji.