Naomba ushauri: Mzee ana gauti, mke ana upungufu wa damu, sufuria ni moja

Habari zenu wakuu. Nipo Singida, naishi na baba yangu na mke wangu mwenye mimba ya miezi mitano.

Mzee ana gauti. Kidole gumba cha mguu kikivimba, hata shuka likimgusa anapiga kelele. Daktari kamwambia apunguze nyama nyekundu, maini na dagaa, pombe aache kabisa. Wakati huohuo mke wangu kapimwa kliniki, damu 9.4, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Yeye kaambiwa ale nyama, dagaa na mboga za majani, pamoja na vidonge vya madini ya chuma.

Sasa mzee ni mfugaji tangu ujana. Ukimwekea maharage siku mbili mfululizo anauliza kama ng'ombe wamekufa wote! Mtindi anakunywa vizuri, lakini kwake hicho ni kinywaji, si mboga.

Naombeni msaada, hasa manesi na wenye wagonjwa wa gauti. Mzee nyama ale kiasi gani kwa wiki bila kuamsha maumivu? Halafu shangazi anampikia mke wangu maini karibu kila siku, mkunga naye anaonya kuwa vitamini A ikizidi si nzuri kwa mtoto tumboni. Tubakize mara ngapi? Chai ya rangi mke wangu ameshaihamisha mbali na chakula, maana inazuia chuma kufyonzwa.

Na shangazi nimwambieje bila kumuudhi?